Jinsi ya Kufunga Mtaa Bila Kufungwa Mwenyewe

Tuambiane ukweli, maana hapa tuko wawili tu. Hufungi mtaa kwa sababu wageni hawaenei uani. Kumbi zipo za bei zote, kuanzia zenye kiyoyozi na maua ya plastiki hadi madarasa ya shule ya msingi ambayo ukutani bado kuna jedwali la kuzidisha. Unafunga mtaa kwa sababu unataka dereva wa bajaji afike kwenye kona, akute kamba, aulize kuna nini, na aambiwe: "Leo hapapitiki, kina fulani wana shughuli." Fulani ni wewe. Miaka yote umeyapisha magari ya watu. Siku moja tu, yakupishe. Hamu hiyo si dhambi. Wakubwa nao wanayo, ila wao wamepewa king'ora.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa Dar es Salaam. Wa Mwanza au Morogoro anaweza kuutumia vilevile, abadilishe tu majina ya kata.

1. Jua barabara ni ya nani

Ukijibu "ya serikali" umeshashindwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezigawa: barabara kuu na za mikoa wanazishika TANROADS, za wilaya, pamoja na hizi za mitaani kwetu, tangu 2017 ziko kwa TARURA. Maana yake ni kwamba vumbi unalomwagia maji kila asubuhi lina mwenyewe, ana ofisi, na ana meneja.

Barabara kuu usiiguse. Yenye njia ya mwendokasi usiitazame hata mara mbili. Mabasi yale yalianza kazi 2016 na mpaka leo wapo waendesha bodaboda wanaoamini njia ile ilijengwa kwa ajili yao. Usiongeze na maharusi. Barabara za namna hiyo hufungwa kwa mambo matatu: mbio za marathon, kombe linalopitishwa kwenye gari la wazi kuelekea Msimbazi au Jangwani, na msafara wa mkubwa. Kama huna pumzi wala kombe, umebakiwa na kugombea cheo, na hilo lina mwongozo wake.

Wewe tafuta mtaa wa ndani, na ndani ya huo mtaa tafuta shimo. Shimo kubwa la masika, lile ambalo madereva wameshalizoea na wanalikwepa kwa kupita uani kwa watu. Mtaa wenye shimo kama hilo umefungwa nusu tayari. Kwenye barua utaueleza kuwa "barabara isiyotumika sana", na hutakuwa umesema uongo. Mvua ndiyo iliyosema.

2. Chagua shughuli yenye nguvu

Shughuli hazilingani. Iliyo juu ya zote ni msiba. Turubai la msiba likishapandishwa katikati ya njia, hata lori la mchanga hurudi kinyumenyume taratibu, dereva amezima redio. Hakuna anayeuliza karatasi. Hakuna mtendaji anayekuja kupima zimebaki mita ngapi. Kwa hiyo najua wazo linalokujia sasa hivi, na nakusihi uliache. Msiba wa uongo nimeupigia hesabu, haulipi. Watu watakuja na rambirambi, daftari litafunguliwa, wazee watauliza anazikwa wapi na saa ngapi, na alfajiri shangazi yako wa Kilosa atashuka Stendi ya Magufuli analia. Ukifika hapo itakubidi umtafute marehemu.

Wazaramo walilimaliza tatizo hili zamani kwa mdundiko. Ngoma haisimami mahali, inatembea. Kila mtaa unafungwa kwa dakika chache, unafunguka wenyewe, na watoto wa mtaa huo wanaondoka nayo. Nani atakukamata kwa kufunga njia ambayo umeshaiacha? Kama wageni wako wana miguu, hii ndiyo akili kuliko zote zilizowahi kubuniwa Pwani, na unaweza kuishia kusoma hapa.

Lakini wewe unataka viti. Unataka jukwaa, spika, na meza kuu yenye maji ya chupa. Basi sikiliza: neno "kigodoro" usilitamke kwenye ofisi yoyote. Mikesha hiyo ya uswahilini imepigwa marufuku na viongozi kwa nyakati mbalimbali, na jina tu linatosha kumfanya mtendaji akumbuke kwamba ana kikao. Kwenye karatasi hakuna kigodoro, hakuna mkesha, hakuna hata ngoma ya mwanao. Kuna Tamasha la Uhamasishaji. Uhamasishaji wa nini, chagua mwenyewe: lishe, usafi wa mazingira, michezo kwa vijana, vita dhidi ya dawa za kulevya. Lishe ndiyo salama zaidi, kwa sababu akija mkaguzi atakuta kweli watu wanakula.

Kisha weka mgeni rasmi. Wengi wanakosea wakidhani kiongozi hulainishwa kwa bahasha. Hulainishwa kwa bango. Chapisha bango kabla hujapeleka barua, picha yake iwe kubwa kuliko ya bibi harusi, na chini yake maneno "Mgeni Rasmi" kwa herufi za dhahabu. Likunje, uende nalo ofisini, lifungue kwa bahati mbaya. Akishajiona pale hawezi kukataa shughuli. Atakuwa amejikataa mwenyewe. Ukimkosa diwani, mwalike anayetaka kuwa diwani. Huyu hufika kabla ya viti na huondoka baada ya jenereta.

Uchaguzi ukikaribia, hata hilo bango halihitajiki. Wenyeviti wa mitaa tuliwachagua Novemba 27, 2024, na muhula wao ni miaka 5. Kama binti yako anaweza kumsubirisha mchumba mpaka 2029, mwambie asubirishe. Mwaka huo hata barabara kuu utapewa.

3. Andika barua ambayo haitasomwa

Barua ya kibali haisomwi, hutazamwa. Anayeipokea anatafuta vitu vichache tu: anwani imekaa pembeni mahali pake, neno YAH limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, sentensi ya kwanza inasema "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu", na chini kuna orodha ya nakala. Ukitimiza hayo, katikati unaweza kuandika namna ya kupika biriani. Malizia na "Wako katika ujenzi wa Taifa", hata kama kitu pekee unachojenga ni jukwaa la MC.

Idadi ya wageni andika "wachache, wapatao 50". Kadi umechapisha 300, najua. Hao 50 ni wale watakaopata kuku.

Urefu wa njia usiutaje. "Sehemu ya barabara" inatosha. Kila kitu duniani ni sehemu ya barabara.

Sasa saa. Hapa ndipo penye utamu wote, na ndipo waombaji wasio na uzoefu wanapojiponza kwa ukweli. Andika hivi: "Shughuli itaanza saa 8 mchana hadi saa 12." Weka nukta. Usiseme jioni, usiseme asubuhi. Saa 12 tunazo mbili kwa siku na zote ni halali. Mtendaji atasoma saa 12 jioni, kwa sababu ni mtu mwema na ana usingizi wa kawaida. MC atasoma saa 12 asubuhi. Wote wawili wameshika karatasi ileile, na itakapofika saa 7 usiku wewe utakuwa umebakiza muda mrefu tu.

(Wakenya wamezibiwa tundu hili. Sheria yao ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya mkutano wa hadhara ifike polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano wenyewe uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, zote mbili zimetajwa kwa jina. Aliyetunga kifungu kile bila shaka aliwahi kupanga chumba karibu na ukumbi.)

4. Zungusha karatasi

Anza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni wa chama, si wa serikali, na hakuna ofisi itakayokuuliza saini yake. Ndiyo maana umwendee kwanza. Mtu asiyehitajika akiombwa ruhusa huitoa kwa moyo wote, na kuanzia hapo ukisimamishwa na yeyote, balozi atakutetea kama shughuli ni yake.

Kisha mwenyekiti wa mtaa. Kisha mtendaji wa mtaa, ambaye tofauti na mwenyekiti hakuchaguliwa, ameajiriwa, kwa hiyo bango halimtishi sana. Kisha mtendaji wa kata. Kisha polisi. Kukiwa na wasanii jukwaani, afisa utamaduni wa manispaa. Ukiingia, salimia kwa akili. Mkubwa kwako ni shikamoo, hilo halina mjadala. Lakini ukimkuta mezani binti aliyemaliza chuo juzi, mkoba wake bado una beji ya mahafali, usimwite "binti" na usimwite "mwanangu". Mwite "Afisa". Utaona kalamu inavyotafutwa.

Kila ofisi itakuuliza swali moja kwa maneno tofauti: wenzangu wamesemaje? Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kugonga muhuri na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho. Jibu ni moja, na ulijibu kila mlango bila kupepesa: "Wamesema wewe ndiye mwenye neno la mwisho." Mwenyekiti atavuta kiti. Mtendaji wa kata atavua miwani. Sijaona mtu aliyeambiwa ana neno la mwisho akabaki na hasira.

Pamoja na hayo, inawezekana kabisa usipewe kibali. Usihuzunike. Ukipeleka barua mapokezi na nakala yako, nakala itagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, wenye tarehe, wino wa bluu, na saini iliyopinda. Kwa mtu aliyesimama mbele yake, ule ni muhuri wa kupokea barua. Kwa mtu aliyeko hatua mbili, usiku, chini ya taa ya jenereta, ule ni muhuri. Kusanya mihuri ya kupokea mitatu au minne kwenye karatasi moja, ipangane pembeni, na utakuwa na hati nzito kuliko ya mwenye kibali halisi chenye muhuri mmoja mpweke. Iingize kwenye nailoni. Karatasi iliyo ndani ya nailoni haibishaniwi.

Polisi wana hesabu yao. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka anayeitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa umma apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, ataje mahali, muda na madhumuni. Soma tena: taarifa. Ukishaipeleka unaweza kuendelea, ila kama umepokea amri ya kuuzuia mkusanyiko wako. Mtu wa kawaida akisoma hapo anaona haki ya raia. Wewe uone kitenzi "kupokea". Peleka taarifa Alhamisi kabla ya saa 8 mchana, shughuli iwe Jumamosi saa 8, na katikati hapo simu yako iwe imeisha chaji. Usiwe nyumbani, usiwe dukani, usiwe kijiweni. Uko Kariakoo unanunua vitambaa vya viti, na Kariakoo mtandao unasumbua. Kifungu hicho, nikudokeze, kinazungumzia watu kukusanyika. Kibali cha kutandaza turubai kwenye njia ya gari hakikupi. Usikikumbushe.

Kuhusu chai: mimi ninayoijua ni ya tangawizi. TAKUKURU wanapokea simu za bure kwa namba 113, na mwongozo huu ni wa watu wenye heshima zao. Mwenye bango hahitaji chai.

Imebaki TARURA, mwenye barabara. Cha ajabu ni kwamba mtu anaweza kuzunguka ofisi zote hizo, akala vumbi la wiki nzima, na asifike kwa mwenye mali. Wewe pia hutafika. Andika tu chini ya barua, "Nakala: Meneja wa TARURA, Wilaya." Si lazima nakala itoke mkobani. Wanaoisoma barua wataamini imetoka, na kila mmoja atadhani wa kwanza kukataa angekuwa yule meneja, na kama yeye hajakataa wao ni nani.

5. Wahusishe majirani katika kosa

Karatasi haifungi mtaa. Majirani ndio wanaoufunga, na ndio wanaoufungua saa 9 usiku kwa kupiga simu. Usiwaombe msamaha, wape vyeo.

Yule mlalamikaji, na kila mtaa una wake, mfanye Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Mshonee kitenge cha sare. Mpe tochi. Jioni ya shughuli atakuwa anafukuza watoto kwa sauti ambayo wewe usingethubutu kuitumia. Mwenye duka mwambie soda zote zinatoka kwake, na mwambie kwa sauti mbele ya mke wake. Mwenye gari mshauri Ijumaa alitoe alilaze kwa ndugu yake. Akikataa, Jumamosi litakuwa ndani ya turubai na watoto watakaa juu ya boneti wakila pilau, na hilo naye mwambie mapema, kwa upole.

Wapangaji usiwasahau. Mwenye nyumba anaishi Goba na hatasikia chochote. Anayepiga simu polisi ni mpangaji wa chumba cha uani aliye na zamu ya asubuhi kiwandani. Huyo mpelekee sahani yake mlangoni, yenye mnofu, kabla ya mtu mwingine yeyote kula. Imefunikwa.

Hapa niache utani kidogo, halafu turudi. Nyumba yenye mgonjwa, au mwenye mimba kubwa, ijue kabla ya kufunga kamba ya kwanza. Upande mmoja wa njia uwe ni wa kamba na viti tu, vitu ambavyo vijana wawili wanaviondoa kwa dakika moja, siyo mawe wala nguzo. Zimamoto ni 114, na gari lao halipiti chini ya turubai. Ofisi ya kibali ingefanya kazi yake sawasawa, swali lake la kwanza lingekuwa hilo: moto ukiwaka nyumba ya tatu, mtatoka wapi? Katika barua zote za aina hii nilizosoma sijaona hata moja iliyolijibu, pamoja na zile zenye mihuri minne.

6. Funga kidogokidogo

Ukija Jumamosi asubuhi na kamba, utagombana. Mtaa haufungwi, huzoeshwa. Alhamisi jioni weka benchi moja pembeni, kama watu wanaopiga soga. Ijumaa benchi lisogee. Ijumaa usiku mkokoteni wa kuni "uharibike" karibu na benchi. Jumamosi alfajiri, tairi bovu lililopachikwa tawi la mwarobaini, ile alama ambayo kila dereva wa nchi hii anaijua kuwa mbele kuna lori limekufa. Ikifika saa 4 madereva watakuwa wameshaanza kuambiana kwa honi kwamba mtaa ule siku hizi haupitiki. Hapo ndipo ufunge kamba, na kamba itaonekana imechelewa.

Nunua kizibao cha kung'aa, kile cha njano chenye mistari ya fedha. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Mvalishe kijana mrefu asiyecheka. Hakuna Mtanzania aliyewahi kumuuliza mtu mwenye kizibao ametumwa na nani. Atanyoosha mkono, gari litageuka. Mwambie asitoe maelezo hata kidogo, maana akianza kueleza ataonekana anafahamu shughuli ni ya nani.

Bodaboda hutamzuia. Sema nami: hutamzuia. Utaweka kamba atainama. Utaweka viti atapita kati ya viti. Utaweka bibi harusi, atapunguza mwendo. Nimeona kwa macho yangu, Mwananyamala, ndugu wa pande zote mbili wamejipanga kwa picha, pikipiki ikaingia kati ya wakwe na keki. Nyuma amekaa mama mmoja kimyakimya na kuku wawili wamefungwa miguu. Dereva akasema, "Samahanini wazazi, mbarikiwe," akakanyaga ncha ya zulia jekundu, akatokea upande wa pili. Mpigapicha alishabonyeza. Picha ile mpaka leo iko sebuleni kwao, na wageni huulizia yule mama ni shangazi wa upande gani.

7. Usiku

Spika zielekeze kata ya jirani. Malalamiko yatafikishwa kwa mtendaji wa kata ile, naye atayaandikia barua, na barua ina njia yake ndefu kama yako. NEMC wanasimamia kelele na wamewahi kufungia baa na kumbi kwa sababu hiyo, jambo linalowatia watu hofu bila sababu. Baa ina leseni ya kunyang'anywa. Mtaa utanyang'anywa nini?

Singeli isipigwe kabla mgeni rasmi hajaondoka. Akiondoka, isizimwe.

Mnamo saa 7 difenda itakuja. Itasimama kwenye kamba, taa zimewashwa, na askari watashuka taratibu kwa sababu nao wamechoka. Usitoke wewe. Asitoke MC. Kijana mwenye kizibao avue kizibao. Kibali, ile nailoni ya mihuri minne, tangu asubuhi kikae chumbani kwa bibi, chini ya godoro, na ni bibi peke yake anayejua kilipo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmeshakula?"

"Bibi, tunaomba kibali cha hii shughuli."

"Kipo. Kaeni kwanza."

Bibi ataingia ndani. Atatafuta miwani. Miwani iko kwenye pochi, pochi iko sandukuni, funguo za sanduku anazo mjukuu, na mjukuu yuko jukwaani anamtuza bibi harusi. Wakati huohuo sahani zitakuwa zimefika, na mtu mmoja mwenye busara atakuwa amepunguza sauti ya muziki kiasi cha mtu kumsikia bibi akipekua. Bibi atatoka na kadi ya kliniki. Atarudi. Atatoka na risiti ya umeme ya mwaka juzi. Mpaka nailoni itoke, pilau imeliwa, redio ya upepo imeita difenda kwenye ajali ya Barabara ya Shekilango, na mkubwa wao atasoma muhuri wa juu tu, kwa hatua mbili, chini ya taa ya jenereta. "Mpunguze sauti, bibi." Bibi ataitikia, na ataitikia kweli. Itapunguzwa mpaka difenda ikate kona.

8. Kufungua

Hili halina haraka. Jumapili watu wamelala na turubai linatoa kivuli kizuri. Viti vya kukodi hesabu mwenyewe, kwa sababu kuna jirani ambaye viti vyake vya baraza huongezeka kila shughuli. Mashimo ya nguzo jaza mchanga na ukanyage. Kuchimba barabara bila ruhusa ni kosa la peke yake, na ukiacha mashimo wazi ndipo utakapomfahamu meneja wa TARURA kwa sura.

Benchi usiliondoe. Liache pale lilipozoeleka. Baada ya wiki mtu atakaa na beseni la maandazi. Baada ya mwezi kutakuwa na mwavuli, kisha jiko la chipsi, kisha mabati matatu, kisha namba ya simu ya kutuma pesa imeandikwa kwa rangi nyekundu. Siku watakapokuja kupiga alama ya X wewe hutahusika, wewe ulifanya shughuli ya siku moja na karatasi unayo.

Kwa wakati huo utakuwa umeshaheshimika mtaani kiasi cha kuingizwa kwenye kamati, na jirani atakuja na barua yake. Anaoza Jumamosi ijayo, anaomba njia. Soma yote, mstari kwa mstari. Muulize saa 12 ipi. Muulize hao wageni 50 wana wenza wao au wamekuja peke yao. Muulize kama ameshapita TARURA, na barua ya kuthibitisha iko wapi, na gari la zimamoto litapita upande gani. Akisema ameambiwa wewe ndiye mwenye neno la mwisho, mwambie akalete nakala tatu.